Isao Nakauchi: Askari aliyeonja njaa na kuasisi duka lililovuka bahari

ISAO Nakauchi alipofariki dunia mnamo Septemba 19, 2005, katika jiji la Kobe alikolelewa, himaya ya biashara aliyoijenga kwa zaidi ya miaka 40 ilikuwa tayari imesambaratika.

Kampuni yake ya Daiei, iliyowahi kuwa kubwa kuliko kampuni zote za rejareja nchini Japani, ilikuwa mikononi mwa shirika lililoundwa kuzifufua biashara zilizolemewa na madeni. Timu yake ya besiboli ilikuwa imekwisha kuuzwa. Yeye mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 83, alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya mali ambayo jina lake lilihusishwa nayo.

Hata hivyo, kuna tawi moja la mti huo ambalo halikunyauka. Tawi hilo ni Lawson, msururu wa maduka madogo yanayofunguliwa usiku na mchana, ambayo Wajapani huyaita konbini. Nakauchi aliuanzisha mwaka wa 1975 kama shughuli ya kando tu, akalazimika kuuachilia ili kuinusuru kampuni mama. Mama aliangamia, mtoto akaishi.

Leo hii jina hilo linasomwa kwenye vibao vya maduka kutoka Shanghai hadi Jakarta, na kutoka Bangkok hadi Honolulu. Linasomwa pia Manila, katika kisiwa kile kile cha Ufilipino ambako mwasisi wake alinusurika kufa njaa akiwa askari kijana.

MWANA WA MUUZA DAWA

Nakauchi alizaliwa Agosti 2, 1922, mjini Osaka, akiwa mtoto wa kwanza katika familia ya wavulana wanne. Familia ilihamia Kobe, mji wa bandari ulio karibu, ambako baba yake alifungua duka dogo la dawa lililoitwa Sakae.

Halikuwa duka la kutajirisha mtu. Familia iliishi humo humo, na watoto walikua wakiona jinsi baba alivyohesabu kila senti na kuwangoja wateja hadi usiku. Kijana Isao alijifunza mapema kwamba mwenye duka dogo hutawaliwa na bei anazopangiwa na wengine.

Alisomea biashara katika shule ya juu ya mjini Kobe na kuhitimu mwaka wa 1941. Huo ndio mwaka ambao Japani ilishambulia Pearl Harbor na kujitosa kikamilifu katika Vita vya Pili vya Dunia. Ndoto za vijana wa rika lake zilikatizwa hapo.

Mwaka wa 1943 alikuwa tayari amevaa sare za jeshi. Alipelekwa kwanza Manchuria, katika baridi kali ya mpaka wa Urusi. Mwaka uliofuata kikosi chake kilihamishiwa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, kuyasubiri majeshi ya Marekani.

NJAA YA LUZON

Kilichowakuta askari hao ni mojawapo ya maafa makubwa ya vita hivyo. Njia za baharini zilikatwa, na chakula kikaacha kuja. Wanajeshi walirudi nyuma hadi milimani na msituni, ambako wengi waliuawa na njaa na malaria kabla ya kufikiwa na risasi.

Nakauchi na wenzake walikula majani, mijusi na chochote kilichotafunika. Walifikia hatua ya kuloweka ngozi ya viatu vyao vya kijeshi na kuitafuna. Usiku hakuna aliyelala kwa utulivu, kwani mtu alimhofia hata askari mwenzake.

Mnamo 1945, guruneti ililipuka karibu naye wakati wa mapambano na kumjeruhi vibaya mguuni na mkononi. Alipokuwa akivuja damu na fahamu zikimtoka, kilichomjia akilini hakikuwa bendera wala mfalme. Ilikuwa taswira ya familia yake imezunguka sufuria ya sukiyaki, yaani nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba na kupikwa na mboga mezani, chini ya taa ya umeme.

Alipona. Vita vilipokwisha Agosti 1945 alijisalimisha pamoja na masalio ya kikosi chake, na Novemba mwaka huo akarejea Kobe, mji uliokuwa umeteketezwa kwa mabomu.

Taswira ile ya sufuria aliisimulia mara nyingi katika maisha yake. Aliamini kwamba taifa lililowapeleka wanawe vitani bila chakula lilikuwa limeshindwa hata kabla ya risasi ya kwanza. Kwake, amani ilimaanisha raia wa kawaida kuweza kununua nyama kila anapoitamani. Imani hiyo ndiyo iliyomtajirisha, na ndiyo pia iliyomfanya asijue pa kuishia.

DUKA LA AKINA MAMA

Japani ya baada ya vita iliishi kwa soko la magendo. Nakauchi alijitosa humo, akinunua na kuuza dawa ambazo zilikuwa adimu kama dhahabu. Baadaye alishirikiana na nduguze katika biashara ya dawa za bei nafuu mjini Osaka, ambako wateja walipanga foleni kwa sababu walipunguziwa bei kuliko kwingine kokote.

Mnamo Septemba 23, 1957, alifungua duka lake katika mtaa wa Senbayashi, Osaka, mbele ya kituo cha treni. Aliliita duka la akina mama wa nyumbani, Daiei. Lilikuwa duka dogo lililouza dawa na vipodozi, na punde si punde likaanza kuuza vyakula.

Siri yake haikuwa ngumu kueleza. Mteja alijichukulia bidhaa mwenyewe rafuni badala ya kuhudumiwa na karani. Bidhaa zilinunuliwa kwa wingi, zikauzwa kwa faida ndogo, na pesa zikazungushwa haraka. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Nakauchi kilijaa upesi kuliko alivyotarajia.

Mwaka wa 1958 alifungua duka la pili katika kitongoji cha Sannomiya, Kobe. Huko ndiko alikoamua kuigeuza ile ndoto ya msituni kuwa bidhaa. Alianza kuuza nyama ya ng'ombe kwa bei ya chini mno, wakati ambapo familia nyingi ziliila siku za sherehe tu.

Wauzaji wa jumla walikasirika. Walihofia kwamba bei hiyo ingewaharibia soko, wakakata kumuuzia nyama. Nakauchi hakurudi nyuma. Alitafuta ng'ombe wazima na kupanga wachinjwe kwa niaba yake.

Baadaye alibuni njia iliyowashangaza wengi. Kisiwa cha Okinawa kilikuwa wakati huo chini ya utawala wa Marekani, hivyo masharti ya forodha yalikuwa tofauti na ya Japani bara. Nakauchi alileta ndama kutoka Australia, akawanenepesha Okinawa, kisha akaingiza nyama yake Japani kwa gharama nafuu. Mnunuzi wa Kobe hakujua kwamba kipande kilichokuwa kwenye sufuria yake kilikuwa kimevuka bahari mara mbili.

VITA VYA MIAKA 30

Kadiri Daiei ilivyokua ndivyo ilivyogongana na wakubwa. Katika Japani ya miaka hiyo, bei ya bidhaa ilipangwa na mwenye kiwanda, naye muuzaji wa rejareja alitarajiwa kuitii. Nakauchi, mwana wa duka dogo la dawa, aliuona utaratibu huo kuwa dhuluma kwa mnunuzi.

Mwaka wa 1964 alianza kuuza vifaa vya umeme vya kampuni ya Matsushita, ambayo kwa sasa inaitwa Panasonic, kwa punguzo lililozidi kiwango ambacho kampuni hiyo iliruhusu. Matsushita ikasitisha kumuuzia. Konosuke Matsushita, mwasisi wa kampuni hiyo, aliheshimiwa kote nchini kama mwalimu wa biashara, na aliamini kwamba kiwanda na maduka yake lazima vipate faida ya haki ili vidumu.

Hapakuwa na mwovu wala mwema katika ugomvi huo. Mmoja alitetea maelfu ya wenye maduka madogo waliouza bidhaa zake, mwingine akamtetea mnunuzi. Swali lililowatenganisha lilikuwa moja: nani mwenye haki ya kupanga bei?

Mnamo 1970 Nakauchi alitupa jiwe kubwa zaidi. Daiei ilitoa televisheni yake ya rangi ya inchi 13, iliyoitwa BUBU, kwa yen 59,800. Bei hiyo ilikuwa chini sana ya ile ambayo umma ulikuwa umezoea, na ilitokea wakati ambapo vyama vya watumiaji bidhaa vilikuwa vikilalamikia gharama ya televisheni.

Mwaka wa 1975 mzee Matsushita alimwalika Nakauchi kwenye makao yake mjini Kyoto ili wazungumze. Walikunywa chai, wakazungumza, wakaachana bila kuafikiana. Mzee huyo alifariki mwaka wa 1989, na kampuni hizo mbili hazikupatana hadi 1994, miaka 30 tangu ugomvi uanze.

Kufikia hapo Nakauchi alikuwa amekwisha kushinda kwa njia nyingine. Mwaka wa 1972 mauzo ya Daiei yaliyapita yale ya Mitsukoshi, duka la kifahari ambalo mizizi yake ilianzia mwaka wa 1673. Miaka 15 ilikuwa imemtosha mfanyabiashara wa Senbayashi kuipita nyumba ya karne tatu. Mwaka wa 1980 Daiei ikawa kampuni ya kwanza ya rejareja nchini humo kupata mauzo ya yen trilioni moja kwa mwaka.

MKEBE WA MAZIWA KUTOKA OHIO

Nakauchi alikuwa ameitembelea Marekani mwaka wa 1962 kuhudhuria kongamano la wenye maduka makuu mjini Chicago. Rais John Kennedy alilitumia kongamano hilo ujumbe ulioeleza kwamba wingi wa chakula katika maduka hayo ndio uliopambanua maisha ya Wamarekani na ya Wasovieti. Ujumbe huo ulimgusa sana mtu aliyewahi kutafuna kiatu. Tangu hapo aliitazama Marekani kama shule.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shule hiyo ilikuwa na somo jipya. Serikali ya Japani, kwa kuwalinda wenye maduka madogo, ilipitisha mwaka wa 1973 sheria ya kudhibiti ufunguzi wa maduka makubwa, nayo ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Kampuni zilizotaka kukua zililazimika kufikiria upya.

Mpinzani wake, kampuni ya Ito-Yokado, ndiye aliyetangulia. Mnamo Mei 1974 ilifungua duka la kwanza la Seven-Eleven mtaani Toyosu, Tokyo, kwa kutumia jina na mfumo wa kampuni ya Marekani.

Nakauchi alijibu kwa kuingia mkataba na kampuni ya Consolidated Foods, iliyomiliki maduka ya Lawson. Maduka hayo yalianzia katika jimbo la Ohio mwaka wa 1939, kwa mfugaji aliyeitwa J.J. Lawson ambaye aliuza maziwa yake kwa watu wa mtaani. Ndiyo sababu nembo ya Lawson, hata leo, ni mkebe wa maziwa katika kibao cha rangi ya samawati.

Duka la kwanza la Lawson nchini Japani lilifunguliwa Juni 14, 1975, katika mtaa wa Sakurazuka mjini Toyonaka, kaskazini mwa Osaka. Mwanzoni liliiga Marekani kupita kiasi, likitandaza soseji, nyama za kusindikwa na vyakula vya karamu. Wajapani hawakuwa na desturi ya karamu za namna hiyo majumbani mwao.

Palihitajika kusikiliza. Taratibu rafu zilijaa matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani, vyakula vya mchana vilivyopakiwa tayari, vinywaji na magazeti. Duka likawa mahali pa mfanyakazi anayetoka kazini saa sita za usiku na mwanafunzi anayeishi peke yake.

Uendeshaji wake pia ulikuwa tofauti na wa Daiei. Badala ya kampuni kununua ardhi na kujenga, mwananchi mwenye duka lake au mtaji mdogo aliruhusiwa kutumia jina, bidhaa na mafunzo ya Lawson, kisha akagawana mapato na kampuni. Malori madogo yalileta bidhaa mara kadhaa kwa siku, kidogo kidogo, ili rafu zisijae vitu visivyonunuliwa.

Tofauti hiyo ilionekana ndogo wakati huo, lakini ndiyo iliyokuja kuamua nani ataishi na nani ataangamia. Daiei ilisimama juu ya ardhi iliyonunuliwa kwa mkopo. Lawson ilisimama juu ya jina, mpangilio na jasho la wenye maduka.

Mwaka wa 1997 Lawson ilifungua maduka Okinawa, ikawa ya kwanza miongoni mwa misururu ya aina yake kuwa na maduka katika mikoa yote 47 ya Japani. Cha ajabu ni kwamba kule Ohio jina hilo lilikuwa limetoweka kwa zaidi ya mwongo mmoja, maduka yale ya asili yakiwa yameuzwa na kupewa jina jingine mwaka wa 1985.

KILELENI

Miaka ya 1980 ilimpata Nakauchi akiwa na nguvu za mfalme, ingawa ufa ulikuwa umeanza kuonekana. Mapema katika mwongo huo kundi lake la kampuni lilipata hasara. Mwaka wa 1982 alimleta Hiroshi Kawashima, aliyewahi kuongoza kampuni ya ala za muziki ambayo hujulikana kwa jina la Yamaha, ili ayanyoshe mambo.

Kawashima alifaulu. Alipunguza matumizi, akawapa maafisa vijana mamlaka, na ndani ya miaka michache faida ikarejea. Lakini mwaka wa 1987 alihamishiwa kampuni nyingine iliyokuwa na shida, na usukani ukarudi wote kwa mwenyewe. Mwaka wa 1989 mwanawe wa kwanza, Jun, aliyekuwa katika umri wa miaka ya thelathini, alipandishwa kuwa naibu wa rais wa kampuni.

Mwaka wa 1988 pekee Daiei ilinunua timu ya besiboli ya Nankai Hawks na kutangaza kuihamishia Fukuoka. Mwaka huo huo chuo kikuu alichokianzisha mjini Kobe kwa ajili ya masomo ya biashara na usambazaji wa bidhaa kilifungua milango. Mnamo 1993 uwanja wa Fukuoka, wa kwanza wa besiboli Japani kuwa na paa linalofunguka, ulikamilika. Timu ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka wa 1999 na tena 2003, na ushindi wake uliadhimishwa kwa punguzo la bei katika maduka ya Daiei.

Ng'ambo pia alinyosha mkono. Mwaka wa 1982 Daiei ilinunua Ala Moana, jumba kubwa la maduka mjini Honolulu, visiwani Hawaii. Mwaka wa 1990 Nakauchi aliteuliwa makamu mwenyekiti wa Keidanren, shirikisho la kampuni kubwa za Japani, akawa mtu wa kwanza kutoka biashara ya rejareja kupewa nafasi hiyo.

ALFAJIRI YA KOBE

Saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri ya Januari 17, 1995, tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe na vitongoji vyake. Zaidi ya watu 6,000 walipoteza maisha. Maduka mengi ya Daiei na Lawson yalibomoka au kuharibika.

Nakauchi alikuwa Tokyo. Kabla serikali haijajua ukubwa wa maafa, alikuwa amekwisha kukusanya maafisa wake na kuanza kutoa amri. Helikopta, meli na malori yalisakwa ili kupeleka maji na chakula. Maduka yaliyosimama yaliagizwa yafunguliwe, bei zisipandishwe hata yen moja, na hata pale ambapo hapakuwa na cha kuuza, taa ziachwe zikiwaka usiku ili watu waone kwamba mji haujafa.

Wakazi wengi wa Kobe, hata wale waliomwona kama jitu lililomeza maduka ya majirani zao, hawakusahau taa hizo. Kwa siku kadhaa, yule askari wa Luzon alikuwa akifanya kazi ambayo jeshi lake halikuwahi kumfanyia: kufikisha chakula kwa walionasa.

Hata hivyo, hasara iliyotokana na tetemeko hilo ilikuwa kubwa mno, nayo ilimpata wakati mbaya kupita kiasi.

DENI LILILOMEZA HIMAYA

Mfumo wa Daiei ulikuwa umejengwa juu ya dhana moja, kwamba bei ya ardhi haitashuka. Kila duka jipya lilipofunguliwa, thamani ya ardhi yake ilipanda. Benki ziliipokea ardhi hiyo kama dhamana na kutoa mikopo, mikopo ikanunua ardhi nyingine, na gurudumu likaendelea kuzunguka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchumi wa Japani, uliokuwa umevimba kama puto, ulipasuka. Bei za ardhi ziliporomoka mwaka baada ya mwaka. Dhamana zikapungua thamani, lakini madeni yakabaki vile vile, na madeni ya kundi la Daiei yalizidi yen trilioni 2.

Wakati huo huo wateja walikuwa wamebadilika. Bei nafuu peke yake haikuwavutia tena. Yaliibuka maduka maalumu ya nguo, ya vifaa vya umeme na ya samani, na kila moja liliipita Daiei katika uwanja wake. Watu walianza kutania kwamba Daiei ilikuwa na kila kitu isipokuwa kile walichokitaka. Mzee aliyekuwa amejua kila alichohitaji mtu mwenye njaa hakumwelewa tena mteja aliyeshiba.

Mnamo 1999 Nakauchi aliachia wadhifa wa rais wa kampuni. Jumba la Ala Moana liliuzwa mwaka huo. Mwaka wa 2000 Daiei iliiuzia kampuni ya Mitsubishi asilimia 20 ya hisa za Lawson, na Julai mwaka huo Lawson ikasajiliwa katika soko la hisa. Kito cha thamani kuliko vyote kilikuwa kimetolewa ili kulipia makosa ya vingine.

Januari 2001 aliondoka kabisa katika uongozi wa Daiei. Mwaka wa 2004 kampuni ilikabidhiwa shirika la ufufuaji, na mwanzoni mwa 2005 timu ya Hawks ikawa mali ya kampuni ya SoftBank. Alichobakia nacho Nakauchi ni chuo kikuu chake, na huko ndiko alikotumia nguvu zake za mwisho hadi kiharusi kilipomwangusha.

Miaka michache baadaye Daiei yenyewe ilimezwa na hasimu wake wa siku nyingi, kampuni ya Aeon, iliyoimiliki kikamilifu kuanzia mwaka wa 2015.

MTOTO AVUKA BAHARI

Lawson ilikuwa imeanza safari ya ng'ambo wakati Nakauchi angali mkuu. Mnamo 1996 ilifungua maduka Shanghai kwa ubia na kampuni ya Kichina ya Hualian, ikatangulia mbele ya misururu mingine ya Kijapani katika jiji hilo.

Safari haikuwa nyoofu. Mwaka wa 2004 Lawson ilipunguza hisa zake, na usukani ukawa kwa wabia Wachina. Mwaka wa 2011 iliurejesha na kuanza upya. Lilikuwa ni somo lile lile la Toyonaka: duka la kigeni hufaulu linapojifunza tumbo la mwenyeji. Mayai, figili na vipande vya samaki vilivyotokoswa katika mchuzi, chakula cha baridi cha Wajapani, viligeuzwa kulingana na ladha ya Wachina na kupendwa.

Baada ya Shanghai ikaja Chongqing mwaka wa 2010 na Dalian mwaka wa 2011. Mwaka huo wa 2011 Lawson iliingia Indonesia. Mwaka wa 2012 ilifungua maduka Honolulu, katika visiwa ambavyo Daiei ilikuwa imekwisha kuvipa kisogo. Mwaka wa 2013 ikaingia Thailand kwa ubia na kundi la Saha.

Kufikia mwaka wa 2024, maduka ya Lawson nje ya Japani yalikuwa zaidi ya 7,000, mengi yakiwa China, huku ndani ya Japani yakizidi 14,000. Mwaka huo kampuni ya simu ya KDDI iliungana na Mitsubishi kuimiliki kwa nusu kwa nusu, na hisa zake zikaondolewa katika soko la Tokyo. Hakuna hata hisa moja ya Daiei katika umiliki huo.

Mnamo 2015, miaka 70 tangu vita vikome na miaka 10 tangu mwasisi afariki, Lawson ilifungua duka lake la kwanza Manila kwa ushirikiano na kampuni ya Puregold ya huko huko Ufilipino. Raia wa Luzon walianza kununua wali moto na vyakula vilivyo tayari usiku wa manane, kisiwani ambako vita vilivyoletwa na nchi ya Nakauchi viliwaua Wafilipino wengi mno na kuwaacha askari wenyewe wakitafuna majani.

Wanaomlaumu Nakauchi husema tamaa ilimponza: hakujua kukabidhi madaraka, aliwaondoa waliomwambia ukweli, na aliiamini ardhi kuliko hesabu. Lawama hizo zina msingi. Wanaomsifu hukumbusha kwamba kabla yake nyama ilikuwa chakula cha wachache na bei ilikuwa siri ya wenye viwanda. Sifa hizo pia ni za haki.

Pengine kipimo sahihi cha kazi yake kinapatikana katika kile alichokidharau kidogo. Mengi ya maduka makubwa aliyoyapenda yalibadilishwa majina au kufungwa. Duka dogo la mtaani, mfano wa lile la baba yake ambalo aliapa kutorudia umaskini wake, ndilo lililodumu, taa zake zikiwaka hadi alfajiri.